Freightliner: lori la msafirishaji aliyechoka kubeba chuma

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini makampuni makubwa huku Marekani yamejaa Freightliner wakati madereva wakongwe wanayabeza. Pili, kama ununue Columbia ya mtumba, ile modeli ya zamani ya Freightliner, uanzie nayo kazi. Mimi nimeendesha Columbia kwa miaka kadhaa na sasa niko kwenye Cascadia, modeli yao mpya zaidi, zote mali yangu, kwa hiyo naongea kama mtu anayetoa hela ya dizeli na tairi mfukoni mwake. Ila la kwanza jibu lake liko kwenye historia, na tukiliruka, la pili halitakaa sawa.

Freightliner haikuanzishwa na fundi wa magari. Ilianzishwa na msafirishaji. Leland James alikuwa na kampuni ya malori Portland, jimbo la Oregon, iliyoanza mwaka 1929 na baadaye ikaitwa Consolidated Freightways. Njia zake zilikuwa zinapanda milima ya magharibi, na kila jimbo lilikuwa na sheria zake za urefu na uzito. Wewe umewahi kupita mizani, unajua hesabu yake: ukishapangiwa uzito wa mwisho, kila kilo ya gari ni kilo ya mzigo uliyoiacha godauni. James akawaendea watengenezaji akitaka malori mepesi ya aluminiamu. Wakamkatalia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 akawaweka mafundi wake Salt Lake City, wakaanza kuunda wenyewe kwa kubadilisha magari ya Fageol. Mwaka 1942 jina la Freightliner likawa jina la kampuni kamili. Vita ikazoa aluminiamu yote, kazi ikalala, ikaamka tena 1947.

Zingatia hapo: hawakuwa wanauzia watu. Walikuwa wanajitengenezea. Mteja wa kwanza wa nje alikuwa Hyster, watengenezaji wa mashine za kunyanyulia mizigo, pale pale Portland, mwaka 1950, na lori lenyewe liliishia kwenye makumbusho ya Smithsonian. Mwaka uliofuata wakaingia mkataba na White Motor ya Cleveland, Ohio, iwauzie na kuwahudumia wateja, kwa sababu kutengeneza walijua lakini mtandao wa maduka na gereji hawakuwa nao. Ndiyo maana magari ya zamani unayakuta yameandikwa White Freightliner. Mkataba huo ulifikia mwisho 1977, na 1981 Consolidated wakaiuza kampuni kwa Daimler-Benz. Kwa hiyo hao wanaojigamba kwamba wanaendesha "chuma cha Mmarekani", mwenye mali ni Mjerumani tangu zamani hizo.

Zamani hizo Freightliner nyingi hazikuwa na pua. Dereva alikaa juu ya injini, kichwa kikawa kifupi, tela likapata nafasi, maana sheria zilipima urefu wa gari zima kutoka bampa ya mbele mpaka mwisho wa tela. Mwaka 1982 sheria ya serikali kuu ikawazuia majimbo kupima hivyo kwenye barabara kuu, wakabaki kupima tela peke yake. Basi kuanzia hapo kila mtu akataka pua: kelele kidogo, injini unaifikia kwa kufungua boneti tu, na ukigonga kitu kuna chuma mbele yako. Walijaribu tena bila pua mwaka 1998 na Argosy, ile yenye ngazi inayojifungua na sakafu tambarare ndani. Huku haikuwa na soko kubwa, lakini za usukani wa kulia ziliuzwa Australia na Afrika Kusini. Zile Argosy mnazopishana nazo barabara ya Tunduma ni ndugu zake hizo.

Miaka ya 1990 wakapanda mpaka juu kabisa kwenye mauzo ya malori makubwa. Hapa ndipo pana kisa ambacho muuza mitumba hatakusimulia. Ili kuuza wingi, waliwaahidi makampuni ya usafirishaji kwamba baada ya miaka kadhaa watayanunua malori yao tena kwa bei iliyopangwa mapema, na bei yenyewe ilikuwa nzuri mno. Ilipofika mwaka 2000 soko la mitumba likaporomoka. Malori yanarudi kwa maelfu, mkataba unasema lipa, mtaani hayana bei hiyo. Hasara ikawa kubwa, bosi akabadilishwa 2001, maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi, viwanda vikafungwa. Kwa upande wa mnyonge kama mimi na wewe, tabia ile ya makampuni kuchukua mengi na kuyaachia mapema ndiyo imefanya Freightliner ya mtumba isiwe adimu hata siku moja. Wingi huo ndio unashusha bei ya kununua, na ndio unaofanya spea zipatikane hata kwenye mji mdogo wa Nebraska siku ya Jumapili.

Sasa kejeli za wakongwe. Mzee aliyezoea malori ya Peterbilt au Kenworth anataka kromu, boneti ndefu, mlango ukifungwa usikike kama wa benki. Freightliner kwake ni Probox: inafanya kazi mchana na usiku na hakuna anayepiga nayo picha. Hapo hajakosea sana. Plastiki ni nyingi, na siku ya kuuza, Peterbilt inashika bei kuliko yako. Ninapokataa ni pale anaposema ni gari bovu. Lori lililobuniwa na mtu aliyekuwa akihesabu kilo haliwezi kufanana na lori la fahari, na mwenye tela la tenki au la maziwa anayelipwa kwa uzito anajua kwa nini anachagua jepesi. Uzito wa mwisho huku kwenye barabara kuu ni pauni 80,000, kama tani 36, gari na mzigo pamoja. Kromu nayo inapimwa humo humo.

Columbia yangu ilikuwa na injini ya Detroit Series 60 ya lita 12.7, giaboksi ya gia kumi ya mkono. Kuhusu injini hii naomba mnivumilie, naipenda. Ilitoka 1987, silinda sita za mstari, na ilikuwa ya mwanzo kabisa kati ya injini za malori makubwa kuendeshwa na kompyuta moja kwa moja kutoka kiwandani. Wazee wakaiogopa kwa sababu hiyo, leo wao ndio wanaoitafuta kwa tochi. Laina zake, yaani vile vikombe pistoni zinamopanda na kushuka, zinatoka, hivyo ovahoo, kuifanya injini upya, inafanyika ikiwa palepale kwenye chasisi: unafungua kichwa juu, bakuli la oili chini, unabadilisha pistoni, laina, ringi na beringi, unafunga. Hakuna kushusha injini. Oili inakunywa kama lita 38, ukibadilisha kwa wakati haikusumbui. Mlima inavuta kwa utaratibu, haina papara, ila ukiizoea unajua gia gani inataka kabla haijakuambia. Tena Columbia inakata kona vizuri ajabu kwa lori lenye pua. Kurudi nyuma kwenye maghala ya zamani ya Chicago, ambako walioyajenga hawakuwaza tela la futi 53, ndiko nilikoiheshimu.

Mafuta nilikuwa napata maili 6 kwa galoni, yaani kilomita mbili na nusu kwa lita. Cascadia yenye injini ya DD15 na giaboksi ya DT12 inayobadilisha gia yenyewe inanipa karibu na 8. Iseme hivi: ukikimbia maili 100,000 kwa mwaka, tofauti hiyo ni kama galoni 4,000. Hiyo ni hela ya kusomesha mtoto. Cascadia ilizinduliwa 2007, ikiwa imechongwa kwenye handaki la upepo, chumba cha kupima lori linavyopasua upepo, la kampuni yenyewe kule Portland, na ukiliangalia kwa upande unaona: hakuna kitu kinachojitokeza ovyo. James wa miaka ya 1930 alikuwa anapigana na uzito, warithi wake wanapigana na upepo. Ndani kimya, ukishuka baada ya kuendesha kwa muda wa saa 11 masikio hayavumi. Raha ya kuendesha, nikiwa mkweli, ilibaki kwenye ile ya gia za mkono. Hii inajiendesha yenyewe kiasi kwamba unabaki na mawazo yako tu.

Kwa upande wa gharama, magari ya kuanzia 2007 yana chujio la masizi kwenye ekzosi, na ya kuanzia 2010 yanatumia pia maji ya urea ya kusafishia moshi. Hili si la Freightliner, ni sheria ya moshi na kila kampuni iko humo. Sensa zikichoka, gari linajipunguzia nguvu lenyewe. Gereji moja niliyopelekewa gari iliniandikia nozeli zote sita zibadilishwe. Fundi mwingine akafuata waya mkono kwa mkono, akakuta umekwaruzwa na kishikio chake. Alinitoza saa mbili za kazi. Kwa hiyo kabla ya lori, tafuta fundi wa umeme wa malori. Fundi wa nati wapo wengi.

Ukiamua Columbia, hivi ndivyo ningefanya. Anza chini. Kibanda ni cha aluminiamu hakioti kutu, lakini chasisi ni chuma, na majimbo ya kaskazini humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Lori lililoishi Minnesota linaweza kung'aa juu huku kutu imevimbisha vyuma vya chasisi mpaka bolti zinatanuka. Tafuta la Texas au Arizona. Fungua rejeta ikiwa baridi uone kama kuna oili ndani. Washa, fungua kifuniko cha oili uangalie mvuke unavyotoka: mvuke ukitoka kwa nguvu, ringi zimekwisha na ovahoo unaishughulikia wewe, si aliyekuuzia.

Halafu usiamini maili peke yake. Kompyuta ya Series 60 inatunza saa ilizofanya kazi na saa ilizonguruma imesimama. Madereva hulala injini ikiwaka kwa ajili ya kiyoyozi, kwa hiyo unaweza kukuta gari lenye maili za wastani lakini injini imezeeka usingizini. Lipia fundi aichomeke atoe hiyo ripoti. Muuzaji akianza kusema kompyuta haisomeki, muachie gari lake.

Kuna mambo mawili ya sheria yanayovuruga bei, usiyapite. Injini ya kabla ya mwaka 2000 imesamehewa kifaa cha kielektroniki cha kurekodi saa za dereva, ndiyo maana utashangaa lori la zamani zaidi linauzwa ghali kuliko la 2003. Upande wa pili, California tangu Januari 2023 haitaki injini ya chini ya modeli ya 2010 kwa malori makubwa ya dizeli. Columbia yenye Series 60 haitakuingiza bandari ya Long Beach wala Oakland. Kama dalali wako wa mizigo anakupa kazi za Ohio, Indiana na Tennessee, Columbia inakufaa, nunua ubakize hela ya tairi na ya dharura. Kama kazi zako ni za pwani ya magharibi, jikaze uanze na Cascadia ya 2014 kwenda mbele, na uulize kwanza chujio la masizi limesafishwa lini, tena akuoneshe risiti.