Kusimulia kipigo cha ndoa: je, ni kusengenya?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mombasa. Ndoa yangu ilivunjwa kwa kadhi baada ya miaka saba ya kipigo. Nimetunga mashairi juu ya yaliyonifika, na akina mama wananiomba niyasome ukumbini na nieleze mkasa wangu. Shangazi yangu asema namsengenya baba wa wanangu na kufichua siri ya nyumba. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam, mwanangu.

Shangazi aogopa jambo la kuogopwa, ila hapa silo. Katika Suratun Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu amesema hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa zamani, naye alipotaja sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa ubaya wake, alianza na dhuluma. Na kuwatahadharisha watu pia kumo.

Siri ya ndoa iliyoharamishwa kutolewa, kama alivyopokea Imam Muslim katika mkusanyo wake wa hadithi, ni ya mume na mke wanapokutana. Hiyo iache nje ya mashairi yako. Ngumi si siri ya kitanda.

Abu Dawud, naye mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwamba wanawake wengi walizizunguka nyumba za Mtume (s.a.w.) wakiwashtaki waume zao kwa kuwapiga. Hakuwaambia, "Rudini mkajisitiri." Alilitoa hadharani: wanawake wengi wamewajia watu wa nyumbani kwa Muhammad wakiwashtaki waume zao, na waume hao si wabora wenu. Mimi hushangaa tunapomhimiza mpigwaji asitiri, na mpigaji tukampisha safu ya mbele msikitini.

Ila usizidishe. Shairi lina chuku zake na wasikilizaji wazijua. Ukianza kueleza kwa maneno ya kawaida, sema lililotokea tu. Jina lake usilitaje kama faida yapatikana bila jina, ingawa najua mtaani wanamjua. Watoto waambie mapema, wasije wakayasikia madrasa kwa kejeli. Na kama bado anakutishia, tangulia polisi kabla ya ukumbi.

Shangazi usimjibu kwa ukali. Mwendee siku moja jioni, umsomee yeye kwanza. Huenda naye ana lake alilolifungia miaka mingi.

Wallahu aalam.