“Chukua dawa” au “meza dawa”?

SWALI: Nauza katika duka la dawa huku Kisauni. Juzi nilimwambia mama mmoja mtu mzima, “Chukua dawa hii mara tatu kwa siku.” Akaniuliza kama itambidi arudi dukani mara zote tatu. Mwenzangu asema kosa ni langu. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli, ndugu yangu. Mama huyo alisikia ulichosema. Kuchukua ni kushika kitu ukaenda nacho, au kubeba mzigo. Ndiyo maana hamali wa Marikiti huitwa pia mchukuzi. Aliyechukua dawa ameipokea dirishani akaitia mkobani. Bado hajaitumia.

Kilichokuponza ni kitenzi cha Kiingereza, take, ambacho Mwingereza hukitumia kwa dawa, basi, picha, mtihani, hata kuoga. Sisi hupanda matatu, hupiga picha, hufanya mtihani. Kuoga ni kuoga tu.

Kwenye dawa ndipo ningependa usimame sana. Tembe humezwa, dawa ya maji hunywewa, marhamu hupakwa, ya matone hutiwa, sindano hudungwa. Wengi husema “kunywa dawa” hata kwa tembe, nami sioni ubaya, maana hushushiwa maji. Kitenzi chenyewe humwonyesha mgonjwa dawa ipite wapi. Ukisema “chukua”, maelekezo hayo yote yamepotea. Umempa mzee asiyesoma kichupa cha matone ya masikio, ukamwambia achukue mara mbili kwa siku: atajuaje kwamba si cha kunywa? Mwambie waziwazi, “Mama, tia matone mawili kila sikio, asubuhi na usiku.” Au, “Meza tembe moja asubuhi, moja mchana, moja usiku, ukishakula.”

Usije ukakiogopa kitenzi chenyewe, lakini. Kazi huchukua muda, matatu huchukua abiria 14, na kanzu ikimkaa mtu vizuri husemwa imemchukua. “Kuchukua hatua” wapo wanaoikataa kwa kuwa imefuata Kiingereza. Mimi naikubali, kwani “kupiga hatua” ina maana yake nyingine, ya kuendelea mbele, na lugha inazihitaji zote mbili. “Karibu uchukue chai”, inayosikika siku hizi maofisini, siikubali kabisa: kikombe kiko mezani na mgeni ameketi, aichukue aipeleke wapi?