Maswali ya wasomaji: Papa wa dola milioni 12 na hesabu za mnada

SWALI: Nimesoma vitabu viwili vya mwaka 2008 kuhusu ulimwengu wa sanaa ya kisasa: kile cha Don Thompson chenye papa wa dola milioni 12 kwenye jina lake, na "Seven Days in the Art World" cha Sarah Thornton. Nimebaki na picha ya matajiri wakigombea kazi za sanaa. Ndivyo biashara hii ilivyo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Waandishi hukimbilia mnadani kwa sababu bei za huko hutangazwa hadharani. Galari haitangazi. Mnunuzi huuliza bei faraghani, naye mwenyewe huchunguzwa kwanza kama atatunza kazi au ataipeleka mnadani mwaka ujao. Basi kitabu kinachotaka tarakimu huishia kwenye kazi zinazouzwa mara ya pili au ya tatu, mahali ambapo msanii kwa kawaida hana kiti.

Tumtazame huyo papa. Ni samaki halisi aliyewekwa ndani ya tangi la fomalini, dawa ya kuzuia kuoza. Msanii Mwingereza Damien Hirst alimtengeneza mwaka 1991 kwa pauni 50,000 za Charles Saatchi, mkusanyaji wa sanaa. Fomalini haikupenya vizuri mwilini, kwa hiyo nyama ikaoza, maji ya tangi yakachafuka na ngozi ikakunjamana. Mwaka 1993 alichunwa, ngozi ikavalishwa umbo la faibaglasi. Baada ya kununuliwa na Steven Cohen, tajiri wa Marekani, aliwekwa papa mwingine mwaka 2006, na safari hii dawa ilidungwa mwilini kwa sindano. Ile milioni 12 haikutangazwa rasmi, maana mauzo yalikuwa ya faragha, na wengine waliandika milioni 8. Kazi ya kumhifadhi samaki yule inatufundisha mengi kuliko bei yake.

Thornton ana mizani nzuri zaidi. Katika siku zake saba, mnada ni siku moja tu. Sura ya darasa la sanaa California, ambapo kazi za wanafunzi hujadiliwa tangu asubuhi hadi usiku, isome mara mbili. Kumbuka tu kwamba vitabu vyote viwili viliandikwa bei zikiwa juu. Mnada wa kazi za Hirst katika nyumba ya mnada ya Sotheby's, London, ulioingiza pauni milioni 111 kwa siku mbili, ulianza tarehe 15 Septemba 2008, siku ileile benki ya Marekani ya Lehman Brothers ilipofilisika. Msimu uliofuata soko lilikuwa jingine.

SWALI: Kwenye riwaya, nyundo ikigonga msanii anatajirika. Pesa huenda wapi hasa?
Mwanafunzi wa sanaa, Dar es Salaam

JIBU: Huenda kwa muuzaji na kwa nyumba ya mnada. Chukua mchoro uliokadiriwa dola 50,000 hadi 70,000. Muuzaji ana bei yake ya siri, ambayo hauzi chini yake, na kwa kawaida haizidi yale makadirio ya chini. Kabla bei hiyo haijafikiwa, kanuni za mnada humruhusu dalali kutaja bei kwa niaba ya muuzaji hata kama hakuna mkono ulioinuka. Riwaya huuita huo wizi. Wizi ni kuendelea hivyo baada ya bei ya siri kuvukwa.

Nyundo ikigonga 60,000, na ada ya mnunuzi ikiwa asilimia 25, atalipa 75,000. Hapo ndipo wengi hukosea: huandika kwamba kazi imevuka makadirio, ilhali makadirio hayakuhesabu ada.

Mwaka 2019 mchoro wa Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, uliuzwa New York kwa takriban dola milioni 1.5, ada ikiwemo, ingawa ulikadiriwa 50,000 hadi 70,000. Sheria ya Marekani haimpi msanii mgawo wowote kazi yake inapouzwa tena. Uingereza inatoa tangu 2006, na Kenya iliingiza haki hiyo katika sheria ya hakimiliki mwaka 2019.

Msanii hula kwenye mauzo ya kwanza, na galari nyingi hugawana naye nusu kwa nusu. Andikianeni mapema nani anabeba punguzo. Kazi ya dola 10,000 ikipunguzwa asilimia 10 na hasara mkaigawana, unapata 4,500. Hasara ikiwa yako peke yako, unapata 4,000. Usafirishaji na fremu navyo viandikwe.

SWALI: Nitajuaje kama mwandishi anaijua sanaa yenyewe?
Msomaji, Kampala

JIBU: Angalia anavyosema kuhusu malighafi. Armitage huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, ambalo huko kwenu hutengenezwa kwa gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji. Lina matundu, mishono na mikunjo, naye huviacha vionekane na kuvipangia mchoro. Mwandishi asiyegusia matundu hayo huenda aliona picha ya katalogi tu.