Kufufua kanda za dansi: hedi kwanza, kompyuta baadaye

Siku hizi hapa Mtwara kila kijana mwenye laptopu akisikia kuna kanda ya zamani mahali, anataka kuihamishia kwenye kompyuta. Karibuni, kazi ipo. Ila kabla hujaomba kanda ya mzee wa watu, soma kwanza haya.

Kanda ninazozungumzia si za dukani, wala si zile zilizopigwa studio Radio Tanzania. Ni zile alizorekodi mtu aliyekuja dansini na redio kaseti yake, akaiweka mezani katikati ya chupa, akabonyeza vitufe viwili. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni na wakati wa mvua njia ilikuwa haisemeki. Kwa hiyo bendi ya Dar ikifika Lindi, Nachingwea au Masasi, hasa msimu wa korosho watu wakiwa na fedha, ilikuwa habari ya mji mzima. Mwenye redio kaseti hakuiacha nyumbani.

Ufundi wenyewe tumejifunza kwa wapenzi wa muziki wa roki huko Marekani, na hakuna aibu kusema. Wao walianza zamani kuthamini kanda za ukumbini. Kuna Mike Millard wa California, aliyekuwa akiingia kwenye maonyesho ya bendi ya Led Zeppelin miaka ya 1970 amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mashine ya kurekodi ya Nakamichi ameificha humo. Miguu yake ilikuwa mizima. Mwaka 1984 bendi ya Grateful Dead ikaamua kuwatengea warekodi sehemu yao kabisa ukumbini. Chukueni mbinu zao, lakini msichukue matarajio yao. Millard alikuwa na maikrofoni mbili za maana. Mzee wetu alikuwa na kitundu kimoja cha maikrofoni pembeni ya spika ya redio, na hakuwa na sababu ya kujificha.

Sasa kazi. Sehemu kubwa inaisha kabla hujawasha kompyuta, na hapo ndipo wengi mnapopita mbio.

Kanda ikifika, itazame dirishani kwenye mwanga. Ukiona vumbi jeupe limekaa kingoni mwa utepe, hiyo ni kuvu, na pwani hii kuvu ni kitu cha kawaida. Usiipige, usiizungushe, utaisambaza mpaka kwenye mashine na kanda inayofuata. Fungua skrubu za ganda la kaseti, fanya kazi nje upepo ukivuma kutoka mgongoni kwako, vaa barakoa, futa taratibu kwa brashi laini. Kama ganda limegundishwa halina skrubu, lipasue kwa uangalifu na uhamishie utepe kwenye ganda jingine. Angalia pia kile kisponji kidogo kilichokaa juu ya bati la shaba, kinachosukuma utepe ugusane na hedi, yaani kile kichwa cha mashine kinachousoma. Gundi yake hukauka kikadondoka, halafu sauti inakuja na kupotea, mtu anadhani kanda imekufa. Mimi nanunua kanda za mawaidha na za kwaya zisizo na mwenyewe kwa ajili ya visponji na maganda tu. Wenye kuziuza wananishangaa. Utepe ukikatika, usiunge kwa selotepu ya kawaida, maana gundi yake itachuruzika na kugandisha tabaka zote.

Hedi na gurudumu la mpira visafishwe kwa spiriti na pamba kila unapobadilisha kanda. Hilo halina mjadala.

Halafu mwinamo wa hedi. Pembeni ya hedi kuna skrubu mbili, na moja ina springi chini yake. Hiyo yenye springi ndiyo inayoinamisha hedi kushoto au kulia. Redio iliyorekodi mwaka 1982 hedi yake haikuwa imekaa sawasawa na ya mashine yako, na tofauti ndogo kama unywele inatosha kula trebo yote, zile sauti kali za juu. Weka kanda, vaa hedifoni, unganisha sauti iwe mono, chukua bisibisi ndogo, uzungushe polepole huku ukisikiliza matoazi ya dramu. Utasikia kama mtu amefungua dirisha: matoazi yanang'aa, maneno ya mwimbaji yanasikika mpaka mwisho wa silabi. Ukipitiliza, yanafifia tena. Rudi. Upande B ukaguliwe upya, mara nyingi haulingani na upande A. Programu yoyote ya kuongeza trebo haiwezi kurudisha kitu ambacho hedi haikukisoma. Na kama mashine yako ina kitufe cha Dolby, mfumo wa kupunguza shiii ya kanda, kizime, maana redio kaseti nyingi za huku hazikuwa nayo, na ukiiwasha unakata trebo kwa mikono yako mwenyewe.

Baada ya hapo ndiyo unahamisha, kwa biti 24 na kilohezi 96 kama kifaa chako kinaruhusu, hifadhi kwa FLAC au WAV, aina za faili zisizopunguza sauti. Faili hilo la kwanza usiliguse tena, fanya kazi kwenye nakala. MP3 ni ya kumtumia mtu WhatsApp.

Nije kwenye spidi, kwa sababu hapa ndipo kanda zetu zinapotofautiana na za Wamarekani. Kaseti hutakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Redio za ukumbini zilitumia betri, na betri zikichoka mota inapunguza mwendo. Utepe uliorekodiwa polepole, ukiupiga kwa mwendo sahihi, unakimbia: mwimbaji mtu mzima anakuwa kama mtoto wa kwaya. Tena haikimbii kwa kiwango kimoja. Wimbo wa kwanza uko sawa, wa mwisho umepanda nusu toni.

Wenzetu wa roki hurekebisha kwa kufuata mvumo wa umeme unaotoka kwenye amplifaya za magitaa. Marekani umeme unatembea kwa hezi 60, na gridi kubwa haiyumbi, kwa hiyo mvumo ukisomeka 62 wanajua kanda inakimbia. Kwetu ni hezi 50. Unafungua spektrogramu, ile picha ya sauti inayoonyesha hezi zake, unatafuta mstari mwembamba uliolala chini. Tafuta kwenye 100 kwanza, mara mbili ya 50, maana mvumo hutokea hapo pia, na kwa sababu maikrofoni ndogo za redio zilikuwa hazishiki 50 vizuri. Ukisomeka 106 badala ya 100, kanda imepanda nusu toni nzima.

Sasa mtego uko hapa. Mtwara na Lindi miaka hiyo hazikuwa kwenye gridi ya Taifa, umeme ulikuwa wa jenereta za dizeli. Jenereta ikibebeshwa mzigo inalegea, mzigo ukipungua inaharakisha. Mvumo nao unapanda na kushuka. Ukiufuata kama Mmarekani utaipotosha bendi nzima. Dawa yake ni kulinganisha vitu viwili: mvumo na muziki. Mstari ukihama na gitaa la besi likahama nao kwa kiwango kilekile, aliyechoka ni mota ya redio, rekebisha. Mstari ukihama peke yake, muziki umetulia palepale, hiyo ni dizeli, iache. Kwenye kanda moja ya Nachingwea niliona mstari ukishuka ghafla katikati ya wimbo bila saksafoni kutikisika hata kidogo. Mwenye kanda aliponisikia nikisema jenereta, akacheka, "Hapo walikuwa wamewasha friji za bia."

Kama wimbo ulipigwa pia studio, utafute uulinganishe, ila bendi jukwaani haikulazimika kutyuni kama studio. Tumia sikio. Pima mwanzo na mwisho wa kila upande, halafu mwambie kompyuta ateleze taratibu kati ya hapo.

Kusafisha sasa. Programu ya Audacity inatosha na ni ya bure. Shida ni mkono mzito. Ile shiii ya kanda ipunguze kwa desibeli 4, ikizidi 6. Vijana wanavuta mpaka 20, mwimbaji anatoka kama anaimba ndani ya ndoo ya maji. Sampuli ya kelele ichukue pale ambapo utepe unatembea lakini hakuna kilichorekodiwa, usichukue kati ya nyimbo, kwa sababu pale kuna watu, na programu itajifunza kwamba watu ndio kelele. Mvumo wa 100 usiukate kwa kisu: waya wa G kwenye besi uko hezi 98, utaondoka nao. Redio nyingi pia zilijirekebisha sauti zenyewe, ndiyo maana tumba likigonga mwimbaji anazama kisha anaibuka. Hilo sijaona mtu akilitoa vizuri, mimi naliacha.

Na watu waacheni. Vigelegele, mtu anayemwita mhudumu kwa Kimakonde, kiti kinachoburuzwa, vyote vibaki. Familia nyingi zinazoleta kanda hazitafuti gitaa la solo. Zinamtafuta baba, ambaye kwenye upande B anasikika akisema tarehe na mahali, au akigombana na mwenzake kuhusu kugeuza kanda. Msikilize mwenye kanda akiwa amekaa karibu nawe na uandike kila anachokitambua, dakika na sekunde, kwa sababu hayo hayamo kwenye mashine yoyote.

Kuuza, hapana. Wanamuziki na warithi wao wana haki zao chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na kanda kuwa mikononi mwako haikufanyi kuwa mmiliki wa nyimbo. Nakala moja kaa nayo, nyingine iwe kwa mtu anayeishi mji mwingine. Bibi akisita kukuachia kanda, usimbembeleze. Mpe shikamoo, beba mashine yako uende Mikindani au kokote aliko, uhamishie palepale barazani kwake. Akikupikia, ule. Kanda unamwachia siku hiyohiyo, na flashi utamletea ukimaliza.