Mombasa hadi Nairobi kwa ndege: anza kuhesabu mlangoni kwako

Shangazi yangu ana kliniki Nairobi kila baada ya miezi mitatu, na mimi ndiye ninayemsindikiza. Majirani hapa Bamburi hutuambia, "Nyinyi mwaenda na ndege, dakika 45 mushafika." Hewani ni kweli. Kwa barabara ni kama kilomita 480, na basi huchukua saa nane au zaidi. Ndege hukata moja kwa moja, na ni nadra kuzidi saa moja.

Ile safari yetu ya kwanza niliziamini hizo dakika 45. Tulitoka nyumbani ikiwa imebaki saa moja na nusu ndege iruke. Daraja la Nyali tukavuka vizuri, Makupa tukapita. Changamwe ndipo tulipokwama. Matrela ya bandarini yamejipanga, mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki. Shangazi alikuwa amelikumbatia faili lake la hospitali kifuani, akiniuliza saa ngapi sasa, saa ngapi sasa, mwisho akanyamaza. Kule kunyamaza kuliniuma kuliko maswali. Tulipofika uwanja wa ndege, kule Port Reitz, kaunta imeshafungwa. Kliniki tukapangiwa wiki tatu mbele.

Siku hizi nahesabu hivi: saa moja na nusu kutoka Bamburi hadi uwanjani, saa moja na nusu ya ukaguzi na kungoja, saa moja hewani, kisha saa moja na nusu ya kushuka, kuchukua begi na kutoka uwanja wa Embakasi hadi mjini Nairobi. Saa tano na nusu. Treni ya SGR, ile ya reli mpya, peke yake, stesheni ya Miritini huku Mombasa hadi ya Syokimau kule Nairobi, ni saa tano hadi sita. Ukiongeza kwenda stesheni na kuingia mjini, hazipungui nane. Kwa hiyo ndege inakuokolea kama saa mbili na nusu. Kwa mgonjwa ni nyingi mno. Kwa kijana anayeenda harusini, mimi ningemwambia apande treni, pesa inayobaki akawatunze maharusi. Na miadi ikiwa ya asubuhi, nenda jana yake, uwe umepanda chochote.

Jambo jingine: saa ya kwenye tiketi si saa yetu. Ikiandikwa 06:00, hiyo ni saa kumi na mbili alfajiri, si saa sita mchana. Ukimkatia tiketi mzee, mwandikie kwa kalamu juu yake, kwa Kiswahili, na saa ya kutoka nyumbani pia. Mimi humwandikia shangazi hiyo ya kutoka nyumbani kwa herufi kubwa, ile ya ndege naiweka ndogo chini.

Kwenda, omba kiti cha dirishani upande wa kushoto. Mawingu yakiwa mbali, Kilimanjaro inaonekana wazi na theluji yake. Shangazi hulifunga faili, akalitazama hilo jilima hadi lipotee.