Jibu: Mbwa anaganda akivalishwa fulana

Habari ndugu. Nimekuelewa: mbwa wako jike amefungwa kizazi, daktari wa mifugo kasema avae fulana asilambe mshono, lakini ukimvalisha anaganda kama gogo na chakula hagusi.

Kabla ya yote kagua shingo na kwapa. Vidole viwili vipite kati ya nguo na ngozi, visipopita, inambana. Wangu hapa Nyegezi aligoma siku 2 nzima, kumbe pindo la mkono wa fulana lilikuwa linamkwaruza kwapani. Niliukata ule mkono, akasimama na kutembea. Niliumia sana kwa zile siku mbili nilizomwacha hivyo.

Kisha anza upya taratibu. Tandika fulana sakafuni, umwagie dagaa wakavu wasio na chumvi, ale juu yake. Baadaye iweke mgongoni sekunde chache, dagaa, iondoe. Halafu kichwa, miguu mwisho kabisa. Akigeuza uso au kujilamba midomo, rudi hatua moja. Dagaa apewe akiwa amevaa, siyo ukishamvua.

Mchana wetu una joto, tumia pamba nyepesi. Akihema sana mvue, ukae naye asilambe. Mshono ukivimba au kutoa usaha, mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo.