Maswali ya Wasomaji: Dume la Mbegu, Nasaba na Bei ya Farasi

SWALI: Mhariri, mimi ni saisi katika zizi la farasi wa mbio jijini Nairobi. Wenye farasi tunaowatunzia husimulia kwamba huko Uingereza yapo madume ambayo hulipiwa fedha nyingi zaidi kwa kupandisha kuliko yalivyowahi kushinda uwanjani. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, anayelipa ananunua nini hasa: farasi, au karatasi ya nasaba yake? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Waliokusimulia hawakutia chumvi. Mchukue Frankel, dume aliyezaliwa mwaka 2008, akakimbia mara 14 bila kushindwa hata mara moja, kisha akastaafishwa mwaka 2012. Zawadi zote alizopata uwanjani zilikaribia pauni milioni 3. Mwaka 2024 ada ya kumpandisha kwa jike mmoja, katika shamba anakotunzwa karibu na Newmarket, ilikuwa pauni 350,000. Ada za majike tisa tu zinatosha kuzidi mapato yake yote ya mbio, na dume wa daraja lake huletewa majike zaidi ya mia moja katika msimu mmoja.

Sehemu ya bei hiyo inatokana na uhaba uliowekwa makusudi. Farasi wa mbio unaowatunza ni wa jamii ya thorobredi, ambayo kitabu chake cha nasaba kilianza kuchapishwa Uingereza na James Weatherby, kwanza kama toleo la utangulizi mwaka 1791 na kisha kama juzuu kamili mwaka 1793. Kwa kanuni za leo, mtoto aliyetokana na uhimilishaji, yaani jike kutiwa mbegu bila kupandwa, haandikishwi kuwa thorobredi; ni lazima dume ampande jike mwenyewe. Ng'ombe dume bora anaweza kuwa na mbegu zake kwenye mitungi ya baridi katika nchi ishirini kwa wakati mmoja, lakini farasi huyu hawezi, na siku zake za kazi zina kikomo.

Kwa kuwa wewe ni saisi, utapenda kujua kazi yenyewe inavyofanyika. Jike kwanza huletwa mbele ya dume mwingine wa bei ndogo, ambaye kazi yake ni kumchokoza tu ili ionekane kama yuko kwenye joto; maskini huyo huondolewa mara jike anapoonyesha yuko tayari. Jike huoshwa, mkia wake hufungwa kwa kitambaa, kwato zake za nyuma huvishwa viatu laini vya sufi ili teke lisimjeruhi dume wa bei kubwa, na mara nyingi mdomo wake wa juu hukazwa kwa kamba ili atulie. Ndipo dume mkubwa anapoingizwa, na shughuli yote humalizika kwa dakika chache. Mikataba mingi humdai mwenye jike ada pale tu mtoto anapozaliwa, akasimama na kunyonya, takriban miezi kumi na moja baadaye.

Sasa nirudi kwenye karatasi. Dume anapoingia shambani kwa mara ya kwanza hana mtoto hata mmoja, na kwa hiyo mnunuzi hana ushahidi mwingine isipokuwa mbio zake mwenyewe na majina ya wazazi wake. Majike wanaopandwa mwaka wa kwanza huzaa mwaka wa pili, na watoto hao hawaonekani uwanjani mpaka wafikishe umri wa miaka miwili, yaani katika mwaka wa nne wa kazi ya baba yao. Katika kipindi chote hicho cha kungoja, nasaba ndiyo inayouzwa. Baada ya hapo watoto huanza kujibu, na jibu lao hufuta makisio yote, mazuri kwa mabaya.

Mfano ulio wazi ni Into Mischief wa Kentucky, Marekani. Mwaka 2009 ada yake ilikuwa dola 12,500, na kufikia mwaka 2012 ilikuwa imeteremka hadi dola 7,500 kwa sababu wafugaji walikuwa wamemchoka kabla hata ya kumwona. Watoto wake walipoanza kushinda, ada ilipanda hadi kufika dola 250,000 mwaka 2023. Karatasi yake ya nasaba ilikuwa ileile katika miaka yote hiyo. Hakuna babu aliyeongezwa wala kupunguzwa.

Frankel mwenyewe ana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, jina lake Noble Mission. Wote wawili ni watoto wa dume Galileo na jike Kind, na ukiweka karatasi zao bega kwa bega hutaona tofauti isipokuwa jina la juu na mwaka wa kuzaliwa. Noble Mission hakuwa farasi dhaifu, maana mwaka 2014 alishinda mbio tatu za daraja la kwanza. Hata hivyo alipopelekwa Kentucky kupandisha hakukaribia sifa za kaka yake, na hatimaye akauzwa Japani. Kila mtoto hupata nusu ya vinasaba vya kila mzazi, lakini nusu hiyo huchanganywa upya kila mara, na hakuna karatasi inayoweza kuonyesha ni nusu ipi iliyomwangukia nani.

Wenye fedha nyingi wamelipia somo hili kwa bei kubwa. Mwaka 1983, Snaafi Dancer, mwana wa dume la mbegu mashuhuri Northern Dancer, alinunuliwa mnadani Kentucky kwa dola milioni 10.2 akiwa na umri wa mwaka mmoja. Hakukimbia hata mara moja, na alipogeuzwa kuwa dume la mbegu aliacha watoto wanne tu. Mwaka 2006 dume mdogo aitwaye The Green Monkey aliuzwa kwa dola milioni 16, akakimbia mara tatu, na hakushinda hata mara moja. Kinyume chake, Seattle Slew alinunuliwa mwaka 1975 kwa dola 17,500, naye mwaka 1977 akatwaa mbio zote tatu za Taji la Mara Tatu la Marekani bila kuwahi kushindwa hapo kabla. Nasaba huongeza uwezekano wa kupata farasi mzuri, na mfugaji anayezalisha watoto mia atauona uwezekano huo ukifanya kazi. Anayenunua mtoto mmoja anacheza bahati nasibu yenye tiketi ghali.

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi ni mzaliwa wa Unguja niliyeolewa Muscat. Upande wa mume wangu hufuga farasi wa Kiarabu, na wazee wao humtaja farasi kwa ukoo wa mama yake. Lakini katika mbio za Kizungu nasikia linatajwa jina la baba tu. Nani yuko sahihi? – Bi. msomaji, Muscat

JIBU: Waaleikum salaam, Bibi. Wazee wa mume wako wanafuata desturi ya kale ya mabedui, ambao walizigawa nasaba za farasi katika koo zinazorithiwa kutoka kwa mama, na zinazotajwa zaidi ni tano: Kuheilan, Saklawi, Abayan, Hamdani na Hadban. Mtoto wa jike Saklawi ni Saklawi, awe amezaliwa na dume wa ukoo wowote ule. Bedui alikwenda vitani juu ya farasi jike, usiku alimfunga karibu na hema, na dume angeweza kuazimwa. Si ajabu kwamba nasaba aliihesabu kwa jike, ambaye ndiye aliyemjua vizuri.

Uingereza iliichukua damu hiyo ikageuza hesabu. Thorobredi wote wa leo, kwa mstari wa baba, huishia kwa madume watatu walioletwa kutoka Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Darley alinunuliwa Aleppo na kupelekwa Uingereza mwaka 1704. Kilembwe chake, Eclipse, aliyezaliwa mwaka 1764, hakuwahi kushindwa, na sehemu kubwa mno ya madume ya thorobredi waliopo leo hutokana naye. (Farasi wa Kiarabu waliendelea kuwa zawadi ya wafalme muda mrefu baadaye, mwaka 1840 merikebu Sultana ya Sayyid Said ilipotoka Zanzibar kwenda New York, ilibeba farasi wawili kwa ajili ya Rais wa Marekani.)

Kuhusu nani yuko sahihi, mimi nawaelemea wazee wako, na nadhani hata Wazungu wanawaelemea pale wanapoweka fedha mezani. Fungua kitabu cha mnada wa farasi uone ukurasa ulivyopangwa. Baba hupewa aya fupi juu. Ukurasa uliobaki ni wa upande wa mama: mama wa kwanza, chini yake mama wa pili, chini yake mama wa tatu, kila mmoja na watoto aliowazaa. Mshindi wa mbio kubwa huandikwa kwa herufi kubwa nzito nyeusi, na aliyeshika nafasi za karibu katika mbio hizo huandikwa kwa herufi nzito ndogo. Mnunuzi mzoefu hutazama kwanza kama weusi huo uko chini ya mama wa kwanza au umejazana kwa mama wa tatu, kwa sababu ushindi wa mjomba wa bibi hauahidi mengi. Tena, ndugu wa baba mmoja hawaitwi ndugu katika ukurasa huo. Undugu wa nusu ni wa tumbo moja tu. Dume anaweza kuwa na watoto zaidi ya elfu, na kushirikiana naye si sifa, ilhali jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, na akitoa mabingwa wawili basi ametoa ushahidi mzito.

Urban Sea ndiye anayenishawishi zaidi. Jike huyu alishinda mbio za Arc de Triomphe jijini Paris mwaka 1993. Alipopandwa na Sadler's Wells alimzaa Galileo, mshindi wa Derby ya Epsom, mbio mashuhuri za Uingereza, mwaka 2001, ambaye baadaye aliongoza orodha ya madume ya mbegu ya Uingereza na Ireland mara 12. Alipopandwa na dume tofauti kabisa, Cape Cross, alimzaa Sea The Stars, naye akashinda Derby hiyohiyo mwaka 2009.

SWALI: Mhariri, jirani ananiuzia dume la farasi lenye karatasi, na jina la Northern Dancer limo. Nina majike watatu wa kubeba watalii. Je, ninunue? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, jina hilo lisikupandishie bei hata kidogo. Kama liko katika kizazi cha tano, mchango wake kwa wastani ni sehemu moja kati ya thelathini na mbili, na ni vigumu leo kumpata thorobredi asiye na Northern Dancer mahali fulani.

Kwanza hakikisha karatasi ni ya farasi huyo: linganisha alama za uso, miguu na vizunguko vya manyoya na michoro iliyomo, na kama kuna chipu shingoni isomwe na daktari wa mifugo. Kisha daktari apime mbegu. Cigar wa Marekani alishinda mbio 16 mfululizo, lakini alipostaafu hakuna jike hata mmoja aliyezaa naye. Mwisho, uliza magonjwa ya kurithi. Farasi wa Kiarabu wapimwe kasoro ya kinga ya mwili inayoua watoto wachanga, ambayo hujitokeza pale tu wazazi wote wawili wanapoibeba. Kwa jamii ya Quarter Horse ya Marekani, upo ugonjwa wa misuli uliosambazwa na dume mmoja maarufu, Impressive, aliyezaa watoto zaidi ya elfu mbili. Huko jina kubwa katika karatasi ni sababu ya kupima damu, si ya kufurahi.

Kwa majike watatu wa kubeba watalii, mimi nisingenunua dume. Dume mzima huhitaji zizi lake peke yake, uzio mrefu na mtu mwenye mkono imara, na hawezi kuchanganywa na wageni wasiojua kupanda. Lipa ada ya kupandisha kwa mwenye dume aliyekwisha kuzaa watoto wapole unaoweza kwenda kuwaona. Kama umemnunua tayari, mwite daktari amhasi, umpe miezi kadhaa ya mafunzo, na huenda ukapata farasi wa nne wa kazi.